Kuendesha Seva ya Minecraft Nyumbani kwa Intaneti ya Kawaida: Mwongozo Kamili

Marafiki wanane walioko Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wanaweza kulipia seva ya gemu ya Minecraft, yaani kompyuta inayoendesha mchezo wao wa pamoja, iliyoko London au Frankfurt na wakaanza kucheza siku hiyohiyo. Wakifanya hivyo, kila bloku anayoivunja mchezaji wa Kinondoni itasafiri hadi Ulaya na kurudi kabla jirani yake wa Sinza hajaiona ikitoweka. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kilomita 7,500 hivi kwa mstari wa ndege, na mwanga ndani ya nyuzi za faiba hukata takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwa hiyo hata kebo ingepita njia iliyonyooka kabisa, safari ya kwenda na kurudi isingepungua milisekunde 75. Kebo za baharini hazinyooki, na vituo vya njiani ni vingi, ndiyo maana pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, ya milisekunde 150 au zaidi ni jambo la kawaida kwa anayecheza kutoka pwani yetu. Seva iliyowekwa sebuleni kwa mmoja wa hao wanane, kwenye laini nzuri, inaweza kuwapa wenzake wa mji uleule pingi ya chini ya milisekunde 20.

Ukaribu huo ndio faida kubwa ya kuendesha seva nyumbani, na ndio utakaokuwa kipimo cha maamuzi mengi yanayofuata. Wengi huanza kwa kupakua programu ya seva, wakaisanidi jioni nzima, kisha wakagundua kwamba laini yao ya intaneti haiwezi kupokea mgeni yeyote kutoka nje. Mwongozo huu unafuata mpangilio tofauti: laini kwanza, kompyuta baadaye. Nimechagua Minecraft ya Java, toleo la gemu hiyo la kompyuta, kwa sababu seva yake inapatikana bure na inaonyesha wazi wajibu wote wa mwenye seva. Aliyeielewa hatapata shida na gemu kama Terraria, Valheim au Factorio, kwani kinachobadilika zaidi ni namba ya poti, yaani mlango ambao programu hupokelea data.

Hatua ya kwanza: chunguza anwani yako

Fungua kivinjari kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta yako, kisha ingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta hiyo. Anwani ya ukurasa huo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, modemu nyingi za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, na ruta za Huawei za laini ya simu hutumia 192.168.8.1. Jina la mtumiaji na nenosiri huwa vimeandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa. Tafuta sehemu ya hali ya mtandao, uone mstari wa WAN, yaani upande wa ruta unaoelekea intaneti, na uandike pembeni anwani ya IP iliyoko hapo. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako jinsi inavyoonekana kutoka nje, na ulinganishe namba hizo mbili.

Zikiwa sawa, una anwani ya umma, na nusu ya kazi imekwisha. Zikitofautiana, angalia namba ya WAN inaanzaje. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kampuni yako ya intaneti inatumia CGNAT, yaani inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hasa. Ikiwa inaanza na 10, inaelekea ni hali hiyohiyo. Ikiwa inaanza na 192.168, shuku kwanza nyumba yako mwenyewe: pengine umefunga ruta yako nyuma ya modemu ya kampuni, na hivyo una ruta mbili zinazotafsiri anwani, moja juu ya nyingine. Tatizo hilo la pili huondolewa kwa kuiweka ruta yako katika hali ya kuwa kituo cha Wi-Fi tu, bila kumpigia mtu simu.

Windows inatoa kipimo kingine cha kuthibitisha. Fungua kidirisha cha amri na uandike `tracert`, amri inayoorodhesha hatua ambazo data hupitia, ikifuatiwa na anwani yako ya umma. Njia ikiishia kwenye hatua moja, ruta yako ndiyo yenye anwani hiyo. Zikitokea hatua mbili, tatu au zaidi, kuna kifaa cha kampuni kilichokaa kati yako na dunia.

Hali hii haitokani na uchoyo wa makampuni peke yake. Anwani za IPv4 zote ni takriban bilioni 4.3, mafungu ya mwisho ya dunia yaligawiwa tarehe 3 Februari 2011, na AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, liliingia awamu ya pili ya kubana mgao wake Januari 2020. Mteja aliye nyuma ya CGNAT ni kama mwanafunzi anayetumia sanduku la posta la shule: barua anazoandika zinatoka vizuri, na majibu yake yanamfikia kwa sababu karani anakumbuka nani aliandika, lakini barua ya mgeni isiyotaja jina la mwanafunzi haina pa kwenda. Mchezaji anayejaribu kuingia kwenye seva yako ni huyo mgeni.

Hatua ya pili: pima kasi ya kupakia

Matangazo ya vifurushi husifu kasi ya kupakua, ilhali mwenye seva huishi kwa kasi ya kupakia. Kila mchezaji anapotembea, seva humtumia vipande vya dunia vinavyomzunguka, na vyote hupita kwenye njia yako ya kutoka. Pima kasi hiyo mara mbili, asubuhi na kisha kati ya saa mbili na saa nne usiku, maana huo ndio wakati marafiki zako watakapotaka kucheza na ndio wakati mtaa mzima unapotazama video. Kwa kukadiria bila kujibana, mimi hutenga megabiti 1 ya kupakia kwa kila wachezaji wawili. Laini ya faiba inayotoa megabiti 10 kila upande inatosha kundi la watu wanane na bado nyumba ikaendelea na mambo yake.

Laini ya simu ni habari nyingine. Kasi yake inaweza kutosha, lakini pingi yake hupanda na kushuka kila mara, anwani yake karibu siku zote iko nyuma ya CGNAT, na bando litaliwa na wachezaji wote kwa pamoja. Kwa laini ya namna hiyo tumia seva kwa michezo mifupi ya watu wawili au watatu tu. Intaneti ya setilaiti kama Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, ina kasi nzuri, ila vifurushi vyake vya kawaida vya nyumbani navyo hutumia CGNAT.

Kabla ya kwenda mbele, waombe marafiki wako wafanye `tracert` kuelekea anwani yako. Mawasiliano kati ya kampuni mbili za intaneti za nchi moja yanatakiwa kukutana nyumbani, katika vituo vya kubadilishana trafiki kama TIX ya Dar es Salaam au KIXP ya Kenya. Kampuni zisipounganishwa hapo vizuri, data ya jirani yako inaweza kuzunguka Ulaya kabla ya kukufikia, na faida yote ya ukaribu ikapotea. Ukiona hatua moja inaruka ghafla kutoka milisekunde 10 hadi 160, umeiona safari hiyo, na dawa yake ni mmoja wenu kuhamishia seva kwenye nyumba yenye kampuni nyingine.

Ukijikuta nyuma ya CGNAT

Anza kwa kuipigia kampuni yako. Chagua maneno kwa uangalifu, kwa sababu ukiomba anwani isiyobadilika utaelekezwa kwenye kifurushi cha biashara chenye bei ya biashara. Sema hivi: "Habari za kazi. Nina kamera na kompyuta nyumbani ninazohitaji kuzifikia nikiwa nje, na naona niko nyuma ya CGNAT. Naomba nipewe anwani ya umma, hata kama ni ya kubadilikabadilika." Ombi hilo ni jepesi zaidi, na fundi wa zamu akilielewa anaweza kulitimiza bila gharama au kwa ada ndogo. Ukijibiwa na mtu asiyeelewa, omba kwa upole uunganishwe na kitengo cha ufundi. Uliza pia kama mkataba wa nyumbani unakataza kuendesha seva, kwa kuwa ipo mikataba yenye kifungu hicho.

Ikishindikana, zipo njia mbili za kuzunguka. Njia ya kwanza ni mtandao binafsi unaowaunganisha wanakundi tu, kwa programu kama ZeroTier au Tailscale. Kila mchezaji anaweka programu hiyo, mwenye seva anamkubali, na kila kompyuta inapata anwani ya ndani inayofanya kazi kana kwamba wote wako kwenye nyumba moja. Programu hizi hujaribu kwanza kuzikutanisha kompyuta mbili ana kwa ana, na zikifanikiwa pingi hubaki ndogo. Zikishindwa, data hupitia seva ya kati iliyoko mbali. Njia ya pili ni handaki la umma kama playit.gg, ambalo humpa mwenye seva anwani ya kuwagawia marafiki, nao hawalazimiki kuweka programu yoyote. Urahisi huo una bei yake: data hupitia kwenye mitambo ya mwenye handaki, na mitambo hiyo ikiwa Ulaya, mchezaji wa Sinza amerudi kulekule alikokuwa anakimbia.

Kwa kundi dogo la watu wanaofahamiana, napendelea mtandao binafsi hata kwa yule mwenye anwani ya umma. Hakuna poti ya kufungua, na mpita njia hawezi hata kujua kwamba seva ipo. Usumbufu wake ni kumwelekeza kila rafiki kuweka programu, na nyumba yenye watoto wa kidato cha pili hujua usumbufu huo ukoje.

Kompyuta ya kutosha

Hakuna haja ya kompyuta ya gemu. Seva haichori picha, kwa hiyo kadi ya picha haina kazi, na sehemu kubwa ya hesabu za Minecraft hufanyika kwenye kiini kimoja cha prosesa. Kiini kimoja chenye kasi kinafaa kuliko viini kumi vya polepole. Kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika, aina ya Dell OptiPlex au HP EliteDesk yenye prosesa ya Core i5, RAM ya GB 8 na diski ya SSD, inahudumia wachezaji wanane bila kulalamika, na mashine za namna hiyo zimejaa kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Luthuli Avenue jijini Nairobi. Usiokoe pesa kwa kubaki na diski ya zamani ya kuzunguka, kwani wachezaji wanapotawanyika kila mmoja upande wake, diski hiyo ndiyo inayoanza kuwakwamisha.

Laptopu ya zamani nayo inafaa, na ina kitu ambacho kompyuta ya mezani haina: betri. Kompyuta yoyote utakayochagua, iunganishe na ruta kwa waya. Wi-Fi ya nyumba yenye kuta za matofali huongeza pingi ya kila mchezaji na kuifanya iyumbe, na waya wa mita tano unaondoa tatizo hilo kwa bei ndogo.

Kusimamisha seva

Weka Java kwanza, programu ambayo faili la seva huendeshwa ndani yake. Matoleo ya Minecraft ya 1.18 hadi 1.20.4 yanahitaji Java 17, na kuanzia 1.20.5 inahitajika Java 21 au iliyo mpya zaidi. Ukianzisha seva ukaona neno `UnsupportedClassVersionError`, Java yako ni ya zamani mno kwa toleo hilo. Kisha pakua faili la seva kutoka tovuti rasmi ya Minecraft, au uchukue Paper, seva mbadala ya bure inayotumia prosesa kwa uangalifu zaidi. Liweke kwenye folda yake peke yake, fungua kidirisha cha amri ndani ya folda hiyo, na uandike:

`java -Xms2G -Xmx4G -jar server.jar nogui`

Namba mbili za mwanzo ni RAM ya kuanzia na kikomo cha RAM. Kwenye kompyuta ya GB 8, usivuke GB 5, kwa sababu mfumo wenyewe nao unahitaji nafasi ya kupumua. Mara ya kwanza seva itajizima yenyewe na kuacha faili la `eula.txt`; lifungue, soma masharti, ubadilishe `eula=false` iwe `eula=true`, kisha uianzishe tena. Itaitengeneza dunia, na mwishoni utaona mstari wenye neno `Done` na muda uliotumika.

Sasa izime kwa amri ya `stop`, ufungue `server.properties`, na urekebishe mistari hii:

`white-list=true`
`enforce-whitelist=true`
`online-mode=true`
`view-distance=7`
`max-players=10`

Mstari wa `view-distance` unastahili maelezo. Thamani yake ya kawaida ni 10, na maana yake ni kwamba kila mchezaji hutumiwa vipande vya dunia kumi kila upande, yaani mraba wa vipande 21 kwa 21, jumla 441. Ukishusha hadi 7, vipande vinakuwa 225, karibu nusu, huku tofauti machoni pa mchezaji ikiwa ndogo. Hakuna marekebisho mengine yatakayoisaidia laini ya nyumbani kama haya.

Anzisha tena seva na uongeze kila rafiki kwenye orodha ya majina yanayoruhusiwa kuingia, kwa amri ya `whitelist add` ikifuatiwa na jina lake la mchezo. Jaribu kuingia wewe mwenyewe ukitumia kompyuta nyingine ya hapo nyumbani, kwa anwani ya ndani ya seva. Isipofanya kazi hapo ndani, haitafanya kazi nje, kwa hiyo usiguse ruta kabla jaribio hili halijafaulu.

Kufungua njia kwenye ruta

Hatua hii ni ya wenye anwani ya umma tu. Kwanza ihakikishie kompyuta ya seva anwani ya ndani isiyobadilika. Kwenye ruta, nenda kwenye mipangilio ya DHCP, inayogawa anwani za ndani, na utafute sehemu ya kuhifadhi anwani, kisha uifunge anwani ya kompyuta ya seva, tuseme 192.168.100.50, kwenye namba ya MAC (kitambulisho cha kiwandani) ya kadi yake ya mtandao. Usipofanya hivyo, siku ruta itakapozimwa na kuwashwa kompyuta inaweza kupewa namba nyingine, na njia uliyofungua itaelekea kwenye runinga.

Halafu tafuta ukurasa wa kuelekeza poti. Kwenye modemu za faiba za Huawei huitwa Port Mapping, na kwingine Port Forwarding au Virtual Server. Ongeza kanuni mpya: itifaki, yaani namna ya kusafirisha data, iwe TCP, poti ya nje 25565, poti ya ndani 25565, na kompyuta ya ndani 192.168.100.50. Kosa la kawaida hapa ni la itifaki: Minecraft ya Java inatumia TCP, lakini Minecraft ya Bedrock, toleo jingine la gemu hiyo, inatumia UDP 19132, Factorio UDP 34197, na Valheim UDP kuanzia 2456. Kanuni ya TCP haipitishi kitu chochote cha UDP, wala haitoi onyo.

Windows nayo ina kinga yake ya mtandao inayozuia wageni. Fungua PowerShell kama msimamizi na uandike:

`New-NetFirewallRule -DisplayName "Seva ya Minecraft" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 25565 -Action Allow`

Kwenye Linux yenye ufw, `sudo ufw allow 25565/tcp` inatosha.

Kujaribu kutoka nje kunahitaji kutoka nje kweli. Ruta nyingi za nyumbani hazimruhusu mtu aliye ndani kujipigia kwa anwani ya umma, kwa hiyo jaribio lako litashindwa hata kama kila kitu kiko sawa. Unganisha laptopu kwenye data ya simu yako, Wi-Fi ya nyumbani ikiwa imezimwa, kisha uandike `Test-NetConnection` ikifuatiwa na anwani yako ya umma na `-Port 25565`. Jibu la `TcpTestSucceeded : True` ndilo unalolitafuta. Hakikisha seva inaendelea kufanya kazi wakati wa jaribio, kwani poti isiyo na programu nyuma yake huonekana imefungwa.

Anwani ya umma ya nyumbani hubadilika, hasa baada ya umeme kukatika. Jiandikishe kwenye huduma ya bure ya jina linalofuata anwani, kama DuckDNS au No-IP, uchague jina, na uweke kwenye kompyuta ya seva programu ndogo inayoripoti anwani mpya kila inapobadilika. Ruta kadhaa zina sehemu hiyo ndani yake. No-IP ya bure inataka uthibitishe jina lako kila baada ya siku 30. DuckDNS haina sharti hilo.

Usalama

Poti 25565 ikifunguliwa, ichukulie kuwa itagunduliwa. Zipo programu zinazopita anwani zote za IPv4 duniani zikigonga poti hiyo, na baadhi ya wanaozitumia hupenda kuingia kwenye seva za watu na kuvuruga kilichojengwa. Orodha ya majina uliyoiwasha ndiyo kinga yako ya kwanza. Kinga ya pili ni `online-mode=true`, inayohakikisha kwa Microsoft kwamba anayejiita kwa jina fulani ndiye kweli. Najua wapo wanaoizima ili marafiki wasionunua gemu waingie. Ukiizima, mtu yeyote anayelijua jina lako anaweza kuingia akiwa na jina hilo, na kama wewe ni msimamizi, naye amekuwa msimamizi. Orodha ya majina haina maana tena. Kwenye poti iliyofunguliwa kwa dunia, usiizime kamwe.

Desemba 2021 iligundulika kasoro kwenye Log4j, programu ya kuandika kumbukumbu ambayo Minecraft ya Java huitumia, na ikapewa jina la Log4Shell. Ujumbe mmoja tu ulioandikwa kwenye gumzo la mchezo uliweza kumpa mshambuliaji uwezo wa kuendesha amri kwenye kompyuta ya seva. Toleo la 1.18.1 liliziba tundu hilo, lakini seva nyingi zilibaki wazi kwa kuwa wenyewe hawakuzisasisha. Kwa sababu hiyo endesha seva kwa akaunti ya kawaida ya kompyuta, isiyo ya msimamizi, na usiweke kwenye mashine hiyo picha za familia wala nywila za benki. Kabla ya kuongeza programu-jalizi yoyote (nyongeza ya seva), angalia mara ya mwisho ilisasishwa lini.

Badilisha pia nenosiri la ruta lililokuja nayo kiwandani, na uzime UPnP, ambayo huruhusu kifaa chochote cha ndani kufungua poti bila kukuuliza. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kubahatisha tu nywila za kiwandani, na waliovitengeneza walikuwa wakivizia washindani wao katika biashara ya seva hizihizi za Minecraft.

Gemu ikianza kukwama

Tofautisha kwanza kama tatizo ni la kompyuta au la laini. Seva ya Minecraft hupiga mapigo 20 kwa sekunde, kila pigo likiwa na milisekunde 50 za kumaliza kazi yake. Ikishindwa, huandika kwenye kidirisha chake `Can't keep up!` pamoja na muda iliochelewa. Ukiona maneno hayo mara kwa mara, kompyuta imezidiwa: shusha `simulation-distance` (umbali ambao seva huendesha viumbe na mimea kuzunguka mchezaji), punguza mashamba makubwa ya wanyama, au tengeneza dunia mapema kwa programu-jalizi ya Chunky ili wachezaji wasiilazimishe seva kuizalisha huku wakikimbia.

Kidirisha kikiwa kimya huku wachezaji wanalalamika, tatizo liko kwenye laini. Ukiwa nje ya nyumba, endesha `ping` kuelekea seva na umwombe mtu wa nyumbani apakie video kubwa. Pingi ikipanda kutoka 15 hadi 400, ruta yako inarundika data kwenye foleni ndefu, na pakiti ndogo za gemu zinasubiri nyuma ya video. Ruta yenye OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, inaweza kutibu hili kwa SQM, yaani usimamizi wa foleni: weka kikomo cha kupakia kiwe asilimia 90 ya kasi uliyoipima usiku, na foleni inahamia mahali inapoweza kusimamiwa. Ruta isiyo na uwezo huo huachiwa dawa ya kijamii, yaani kukubaliana nyumbani kwamba hifadhi za picha za simu zijipakie usiku wa manane.

Kuna kukwama kwingine kusikotoka kwako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadorora. Katika hali kama hiyo seva ya nyumbani inaweza kuendelea vizuri kwa wachezaji wa nchi moja, kwa sababu data yao haivuki bahari. Ila kuingia upya kunahitaji uthibitisho kutoka Microsoft ng'ambo. Aliyekuwa ndani na asitoke, aendelee kucheza.

Umeme na nakala

Mashine inayotumia wati 60 saa zote itakula yuniti 1.44 kwa siku, yaani yuniti 43 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye daraja la D1, lililokusudiwa nyumba zisizozidi yuniti 75 kwa mwezi, seva peke yake inameza zaidi ya nusu, na kuvuka kikomo hicho kunaweza kumhamishia daraja la bei ya juu. Kompyuta ndogo ya wati 15 inashusha hesabu hadi yuniti 11 hivi. Njia rahisi kuliko zote ni kuiwasha jioni na kuizima mnapolala, maana kundi la watu wanane haliihitaji saa tisa za usiku.

Umeme unapokatika ghafla, hatari ni faili la dunia kuachwa nusu limeandikwa. Minecraft huhifadhi yenyewe kila baada ya dakika tano, kwa hiyo kazi inayopotea huwa ndogo, lakini faili lililoharibika linaweza kufuta eneo zima la mji mliojenga. UPS ya kawaida (betri ya akiba) inakupa dakika za kutosha kuandika `stop`. Modemu ya faiba na ruta zinaweza kupewa UPS yao ndogo ya volti 12, zile zinazouzwa kwa ajili ya kamera; nyumba yenye laptopu kama seva na kifaa hicho kwenye modemu inaweza kuendelea kucheza gizani, mradi mitambo ya kampuni mtaani nayo ina umeme.

Nakala ichukuliwe kila siku. Kwenye Linux, ikiwa kompyuta haizimwi usiku, ni rahisi kupanga kwa cron, programu ya kupanga kazi kwa saa, ifanyike saa kumi alfajiri, ambayo cron huiandika 4. Ikiwa seva imezimwa, nakili folda ya `world` yote. Ikiwa inaendelea, toa kwanza amri za `save-off` na `save-all flush`, nakili, kisha `save-on`. Ukiruka amri ya kwanza unaweza kunakili faili linaloandikwa wakati huohuo. Hifadhi nakala saba za mwisho kwenye diski nyingine, na moja kila wiki nje ya nyumba, kwa rafiki au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mara moja kila mwezi chukua nakala mojawapo, iweke kwenye folda mpya, badilisha `server-port` iwe 25566, uianzishe na uingie mwenyewe ndani kuangalia kama nyumba zenu zipo.